Ubavu wa Chini

Elfu sita na mia tano, bila mfuko.
Shingo aliitoa kwenye gunia jingine
kama mtu anayetoa kuku wa pili.
"La marehemu," Mama Rispa aliniambia, pale Kaloleni,
"Zablon alilipiga mpaka vidole vikakataa."
Akahesabu noti zangu kwa mkono wa kushoto,
akaniomba radhi kwa huo mkono,
nikasema haidhuru.

Sasa kiwiliwili kimelala juu ya benchi langu, Kariobangi,
kati ya mguu wa kitanda na mlango wa kabati la mtu.
Skrubu nimezitia kwenye kikombe cha chai
nikamwonya Kyengo asinywe.

Limeteswa gitaa hili. Limechomwa sigara mahali pane,
limedondoshwa, likapasuka kona,
likapakwa nyekundu ya geti
na mtu mwenye brashi na haraka.
Chini ya nyekundu, buluu.
Chini ya buluu, nyeupe iliyogeuka rangi ya meno.
Napaka dawa, nangoja, rangi inakunjamana
kama utando wa maziwa,
nakwangua kwa kipande cha msumeno uliokufa.

Msasa namba themanini. Mia ishirini.
Mti una nywele zake, Kyengo, usizichane kinyume.
Anauliza ni mti gani. Si mvule, si mkangazi.
Nanusa: kitu kama karanga mbichi.
Mti wa ng'ambo, namwambia. Piga msasa.

Jumatano mkono wangu ukasimama.
Nilifuta vumbi nikakuta bonde,
si pengo la kuanguka, la, bonde laini
la ngozi na jasho na miaka,
pale mkono wa mpigaji unapoegemea.
Ila lilikuwa ubavu wa chini,
upande wa vifundo vya sauti,
ambako mkono wa kulia hauna shughuli ya kupumzika.
Nikatafuta. Kwenye pembe ya chini, ndani ya puti kuukuu,
tundu la mshipi, limezibwa kwa njiti ya kiberiti.
Mtu alilipindua hili
akalipiga juu chini,
usiku baada ya usiku.

Nikaziona zile noti zikihesabiwa,
mia mbili, mia mbili, mia tano,
kidole gumba kikizigonga moja moja
bila kukosa pigo.

Zablon, basi.
Labda Zablon alibeba spika.
Labda alibaki nyumbani akiwaambia wakwe
kwamba mke yuko kwenye kesha la maombi.

Kyengo ameshika puti kama uji wa mtoto.
"Tuzibe?"
Kona, ziba. Sigara, ziba.
Hapo, acha.
"Fundi, mteja ataona shimo."
Mteja ni mimi.

Ni Julai, vanishi haikauki,
baridi inaigeuza maji ya mchele.
Siku tatu tumewasha jiko, mbali kidogo,
thina isije ikatulipua.
Mpako wa nne ndio uliokubali.
Mti umetoka rangi ya chai ya mkandaa
na bonde linakinga mwanga wa balbu kama kijiko.

Nimempigia. Limeisha, nasema, njoo ulione.
Kimya. Nyuma yake sufuria, na redio ya jirani.
Kisha: "Nyuzi umezifunga vipi?"
Bado, nikamwambia.
Nangoja kuambiwa
zianzie upande gani.