Goti la Karani

Usiniulize kama alikuwa mtakatifu.
Alikuwa karani wa mizani, babu yangu Ambrosi Nandonde,
ghala la korosho, Newala ya juu,
enzi zile maji tuliyafuata bondeni.
Gunia likishaning'inia kwenye ndoano
aliingiza goti chini yake, taratibu,
kama mtu anayejikuna,
na kilo tatu za mjane zikapaa
zisirudi.

Goti tu. Mkono haukuiba.
Mkono ulikuwa ukiandika, mwandiko wa shule ya misheni,
herufi zimelala upande mmoja kama majani yaliyopitiwa na upepo,
na Jumapili mkono huohuo ulipitisha sahani ya sadaka.

Msimu wa tatu Bi Perpetua Namalowe
alipima korosho zake kabla ya kuzipeleka,
kwa mizani ya sukari ya dukani,
kidogo kidogo, usiku kucha, kibatari kikimtoa machozi,
mpaka hesabu ikataja jina la mtu.

Wakamtoa nje. Wakampiga, wengine kwa haki yao,
wengine kwa kuwa wenzao walikuwa wakipiga.
Akabaki kwenye ngazi ya ghala
uso umevimba, damu na vumbi la salfa,
mke wake akiogopa hata kumsogelea.

Ndipo Bi Perpetua akaja na ndoo.
Ndoo ile mnaijua ninyi wa bomba?
Ilikuwa kuamka kabla ya jogoo,
ilikuwa kushuka na kupanda genge kwa miguu,
ilikuwa uji wa watoto wanne, na kilichobaki, kuoga kwao.
Watu wakajua anakuja kummwagia.
Akapiga magoti,
akachovya upindo wa kanga,
akamnawisha.

Babu akasema: Nitalipa.
Akajibiwa: Huwezi. Severini wangu ameshatoka shule,
mwaka wake utaununua wapi?
Tulia, jicho lina mchanga.

Akauliza tena, kwa nini, mama, kwa nini.
"Na mimi nililipiwa," basi.
Akakamua kanga. Maji yaliyosalia
akayabeba kwenda kupikia.

Miaka saba babu alibeba magunia asiyoyapima.
Wa nane, wakulima wenyewe wakamrudishia mizani,
si wote, wengine walitema mate.
Siku hiyo alikuja na kopo la chokaa,
akachora mstari sakafuni, hatua tatu kutoka kwenye ndoano,
akasimama nyuma yake, mikono kifuani,
akasoma mshale kwa mbali, macho ameyakunja.
Kila msimu aliupaka upya.
Hakuhubiri. Alikuwa na kigugumizi hata kwenye salamu.

Severini hakumsamehe. Niliseme hilo.
Siku ya maziko alisimama nje ya uzio wa kanisa
na baiskeli yake, hakuingia, hakuondoka,
tukaimba mpaka mwisho yeye akiwa pale pale.
Sijui neema ilimkuta au ilimpita.
Mama yake alikuwa ndani, safu ya mbele,
kipofu tayari, akiimba kwa sauti mbaya.

Mwezi wa kumi uliopita nilipeleka magunia yangu sita.
Ghala limepakwa rangi, mizani ni ya umeme,
namba nyekundu zinajisomea zenyewe.
Karani ni kijana wa kutoka Tandahimba,
hanijui, hajui kaburi la mtu yeyote hapa.
Akapandisha gunia,
akarudi nyuma hatua moja, mbili, tatu,
akafunga mikono kifuani.

Sakafu ni saruji mpya. Hakuna mstari.
Nikamuuliza: Mbona unakwenda mbali hivyo?
Akatazama miguu yake, kama mtu aliyeamshwa.
"Sijui, mama. Niliyempokea kazi alisimama hapa.
Ndivyo tunavyopima."

Nikachukua stakabadhi.
Goti langu la kulia, lenye baridi yabisi kama lake,
likaniuma njia nzima.