Damu Hushika Kinyongo

Ogembo, fundi wa kulehemu, Kariobangi Light,
amerudi. Mara ya tatu tangu Pasaka.
Anabonyeza chini ya kifua kwa vidole viwili
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
"Vidonge nilimaliza, sista. Hata vile
vya kuacha ladha ya chuma mdomoni.
Na chuma mimi nakijua."

Namtoboa kidole. Tone moja, dakika kumi,
mistari miwili inajitokeza kama reli.
Yupo, inasema damu.

Damu hushika kinyongo.
Mpangaji alishahama na godoro lake,
nayo bado inataja jina lake mlangoni.
Miaka tisa kwenye kiti hiki, nalijua hilo.
Lakini damu ndiyo tunayouza hapa,
mia tano, na risiti juu.

Cha choo kina macho zaidi:
humshika mdudu mwenyewe, wa juzi juzi.
Boksi la mwisho liliisha Agosti.
(Na watu huona haya. Mama mmoja
alileta kikopo ndani ya mfuko wa sukuma wiki,
akakiacha kaunta, akatoroka bila kuacha jina.)

Cha pumzi kiko Upper Hill.
Unakunywa maji yaliyotiwa dawa, unakaa nusu saa,
unapuliza kwenye mfuko,
na kama yumo tumboni, pumzi yako itamchongea.
Bei: kodi ya chumba, mwezi mzima.

Cha kamera ni mpira kooni, kinyofu cha nyama
katika jeli ya njano. Ikigeuka waridi,
kesi imekwisha.
Bei ya hicho Ogembo hakuuliza.

Bosi yuko nyuma ya pazia, anahesabu.
Nageuza risiti, naandika kwa penseli:
*Acha omeprazoli wiki mbili. Hata kimoja usimeze.
Kisha nenda ukapulize.*
Anaikunja mara nne, anaitia kwenye soksi,
mahali anapoweka pesa.

Wiki ya sita, saa nne usiku, simu inalia kidogo.
"Hayupo, sista."
Halafu, kabla sijafurahi:
"Ila bado inauma."

Nakaa kitandani na viatu miguuni.
Nafikiria moshi wa karakana,
chai ya rangi, kodi iliyogeuka pumzi.
Namwandikia: Asubuhi huwa unakula nini?

Anaandika. Anafuta.
Anaandika.