Daftari la Giza

Nina daftari la Iminza la darasa la sita,
kurasa za nyuma hakuzimaliza.
Humo naandika giza.
Jumanne: saa kumi na dakika tano hadi saa tatu usiku.
Alhamisi: radi moja tu, hadi saa saba.
Ijumaa: imerudi, imetuchungulia, imeondoka.

Lurambi mvua haibishi hodi.
Ikishafika, stima humpisha mgeni.

Ukurasa wa tisa una mstari mmoja:
Siku ya kumi na nane. Saa tisa nzima. Mayai sitini na manne.
Sikuandika zaidi.
Nilipasua moja nyuma ya jiko
nikakuta manyoya, mdomo, kucha,
kila kiungo mahali pake,
kimepoa.

Ndipo nikaenda kwa Lusweti, nyuma ya soko la Kakamega,
nikasimama mbele ya masanduku matatu yenye vishikio.
La kwanza lilikuwa la simu na taa.
La tatu alilipigapiga mgongoni
kama fahali anayepelekwa uwanjani Malinya:
"Hili, mama, litawasha kila kitu."

Kila kitu ni kipi hicho?
Shimuli, shemeji yangu, anataka mpira.
Mume wangu anataka pasi,
asiende kanisani na makunyanzi.
Iminza nilipomuuliza alisema, "Mwanga kidogo tu,"
na hiyo *tu* ndiyo iliyonichoma.

Bei ya kila kitu ilikuwa ng'ombe na ndama wake.

Nikauliza la kati. Wati-saa mia tano.
Mtambo wangu wa kutotolea umeandikwa wati themanini.
Lusweti akagawanya kwenye simu: saa sita na kidogo.
Akatoa sehemu inayoliwa na sanduku lenyewe,
maana mpishi hakosi kuonja:
zikabaki tano.
Giza langu refu lina saa tisa.
"Umeona? Chukua kubwa."

Lakini mimi hulala chumba kimoja na mtambo ule.
Naijua taa yake nyekundu,
huwaka, huzima, hukaa, huwaka tena
joto likipungua.
Usiku mmoja tuliikodolea macho, mimi na Iminza,
saa ya ukutani imewekwa mapajani:
katika kila dakika kumi, nne tu ndizo za kula.

Gawanya tena, nikamwambia.
Akagawanya. Akanyamaza. Akanigeuzia simu.
Kumi na tatu.

Hapo sasa nikauliza mengine bila haraka,
bei ikiwa imehamia upande wangu wa meza.
Umeme wake umetulia, hautaunguza feni?
Betri itajazwa mara ngapi kabla haijachoka?
Siku ikigoma nitakukuta hapa,
au nitakuta mtu anauza viatu?
Swali la mwisho lilimchekesha. Akapunguza elfu mbili.

Nyumbani walilizunguka.
"Ndilo hili?" akasema mume wangu, pasi mkononi.
Ndilo hili.

Jumapili jioni anga la Shinyalu lilipasuka.
Pasi ikapoa juu ya suruali ya mtu.
Shimuli akatoka na mwavuli kutafuta goli kwa majirani.
Kwenye kona, kijidirisha cha mtambo kikabaki cha manjano.
Iminza akasogeza kigoda, akaegemeza kitabu kwenye kioo,
akasoma Kemia kwa taa ya mayai.

Namba ya sanduku ilikuwa ikishuka.
Tisini na moja. Themanini na nane.
Niliitazama kama mtu anayetazama maziwa motoni.

Iminza akainua kichwa.
"Mama, kuna kinachogonga."
Si mlangoni.

Tulipiga magoti wote wawili, sikio kwa sikio,
baba yake akaja na suruali yake nusu,
akaambiwa anyamaze.

Mtaa mzima ulishangilia stima iliporudi,
hivyo ndivyo nilivyosimuliwa.
Ilikuwa saa ngapi?
Daftari halijui.