Chumba Kisicho na Dirisha

Wakala wa Ruwi ametupa vitabu vitatu,
karatasi ngumu zinazonuka wino na kiyoyozi.
Nimevitandaza juu ya meza ya jikoni, hapa Mabela,
baina ya chupa ya chai na sahani ya vileja.
Azzan anasema, Chagua wewe, Muzna.
Mwanamume akisema chagua wewe
ana maana mbili, na zote hajazisema.

Meli ya kwanza ni ya Shelisheli, siku saba.
Majabali ya ufukweni yamelala ubavu
kama wageni walioshiba pilau.
Ya pili inakwenda Maldivi, siku kumi,
visiwa vyembamba, kama aliyevichora
aliitwa kula kabla hajamaliza.
Bei yake nimeisoma mara mbili,
kisha nikamimina chai.
Ya tatu inapita Unguja. Saa sita tu.
Mama, kwenye simu, kacheka mpaka kakohoa:
"Saa sita? Kwa shangazi zako peke yao
hutamaliza hata shikamoo."

Mimi nataka roshani.
Bibi yangu fungate lake lilikuwa siku saba za ndani,
chakula kikipitishwa mlangoni,
mvua akiijua kwa mlio wa bati.
Mimi nataka niamke, nivute pazia,
bahari iwe pale, kama mtu niliyemwalika.
Miaka tisa nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa
nikihesabu vidonge, nikitazama maegesho ya magari.

Kidole chake kinarudi palepale,
ukurasa wa mwisho, maandishi madogo:
chumba cha ndani, hakina dirisha.
"Rial mia mbili na arubaini nafuu," anasema.
"Na kitanda ni kilekile."

Nikamtazama huyu niliyeolewa naye wiki ya tano sasa,
huyu anayekaza mfereji wa jikoni kila usiku
mara tatu,
kana kwamba tone moja likianguka
atadaiwa yeye.
Bahili, nikasema moyoni. Wamenipa bahili.

Tukagombana, ugomvi mchanga,
bado una adabu, bado unasema tafadhali.
Nikasema roshani. Akasema ndani.
Nikasema, Pesa iliyopungua nitaongeza mimi.
Akainuka
akaenda kuukaza mfereji uliokwisha kukazwa.

Akasema, kanipa mgongo:
"Wadi ilishuka mchana. Juu yetu jua tupu.
Mvua ilikuwa imenyesha milimani huko, sisi hatuna habari.
Baba akasema tutavuka,
maji hayajafika hata nusu ya tairi."

Akachukua kitambaa cha vyombo,
akakikunja pembe kwa pembe.

"Niliisikia kabla sijaiona. Kama lori linamwaga kokoto.
Mimi walinitoa dirishani.
Nilikuwa na miaka saba."

Hakusema Baba alitolewa wapi.
Picha iliyo ukumbini kwa mama yake
naijua. Nilidhani ni maradhi.

"Sasa meli uliikubali kwa nini?"

"Ulisema unataka bahari."

Nikatia kileja mdomoni nipate cha kufanya.
Kikawa vumbi, kama kawaida yake.

Kesho nitampigia Biju kule Ruwi.
Nitamwambia Shelisheli, chumba cha ndani,
katikati kabisa, ghorofa ya chini,
pale meli inapoyumba kidogo kuliko kwingine.
Asiponielewa nitamchorea.
Bahari nitapanda kuitazama peke yangu alfajiri,
nirudi na chumvi kwenye shela,
nimsimulie gizani: leo ilikuwa kijani,
leo imelala, leo imeamka na hasira za bure.
Akitaka kusikia.
Asipotaka, nitamwambia walichopika.

Vitabu nimevirudisha kwenye mfuko wao.
Nimeosha vikombe viwili.
Nimekaza mfereji, mara moja,
mara ya pili.

Ya tatu nimemwachia yeye.