Tairi Nene

Niliinunua Birere kwa dola tisini,
baada ya kuapa mara mbili kwamba sina zaidi ya sabini.
Muuzaji aliipangusa kwa mkono wa shati lake:
Mama Kavugho, huyu ni punda asiyekula.
Hakusema ni punda mwenye uzito wa ng'ombe,
wala kwamba pedali zake
zimetengenezwa kwa plastiki ya vijiko.

Kinga, ndivyo tunavyoiita huku.
Siku ya tatu haikunikinga.
Mteremko wa Ndosho, jibini kumi na mbili za Masisi nyuma,
pedali ya kushoto ikakatika,
mguu ukapiga hewa, goti likapiga jiwe.
Mlima ulitema, sisi tukajenga juu ya matapishi yake;
barabara zetu zina meno hadi leo.
Jibini mbili zilitangulia kufika chini.
Watoto walizirudisha. Moja ilikuwa imeng'atwa.

Nikaanza kuibadilisha kidogo kidogo,
kama mtu anayelipa deni la arusi.
Pedali za chuma, ule mwezi wa wateja wa Himbi.
Waya za breki, mvua zilipoanza,
maana breki za kiwandani zilikuwa na adabu tu:
zinalisalimia gurudumu, hazilishiki.
Na ule mkono wa gia wenye namba saba,
tano kati yake za uongo,
niliung'oa mwenyewe, jioni moja, kwa hasira.
Sasa nina gia moja
na mapaja.

Tairi la nyuma liliponyolewa na mawe likabaki kipara,
Maheshe mchonga chukudu aliliomba.
Akalikata vipande, akavipigilia kwenye magurudumu yake ya mti,
na mimi akanichongea kichanja cha mkaratusi
kinachobeba jibini ishirini bila kulalamika.
Asubuhi nyingine napishana na tairi langu
likishuka na makaa ya mtu nisiyemjua.
Nalitambua kwa kiraka.

Kuhusu upepo, hakuna aliyenifundisha.
Ukijaza tairi hadi lilie kama ngoma, jiwe dogo linakurusha;
ukiliacha lilegee mno, rimu inatafunwa.
Mimi nabonyeza kwa kidole gumba:
likikubali kama jibini ya wiki mbili, naondoka.

Vumbi jeusi ndilo adui. Halina haraka.
Linaingia mahali ambapo hata maji hayajui njia.
Kwa hiyo Jumapili, baada ya misa,
naigeuza miguu juu, kama mbuzi wa Noeli,
na mswaki mzee, na petroli kidogo kwenye kopo,
nasugua mnyororo pete kwa pete.
Mafuta ya mawese hapana.
Nilijaribu mara moja:
ni kuuita mchanga mezani.

Shemeji huuliza, mpaka sasa umemaliza dola ngapi?
Daftari langu la jibini lina ukurasa
nilioubandika kwa gundi.

Jana alikuja fundi Mumbere,
yule aliyesema kinga nene ni ya Wazungu na wavivu.
Alikuwa anasukuma moja ya mteja, rangi ile ile ya yangu.
Inalia, akasema, nimekaza mnyororo mara mbili.
Nikainamisha sikio, nikazungusha pedali polepole.
Kt.
Kt.
Kimya.
Kt.
Si mnyororo, nikamwambia. Ni beringi ya ndani,
golori moja imepasuka, na zenzake zinaikanyaga.
Aliifungua palepale, juu ya gunia langu.
Golori ilidondoka vipande viwili, midogo kama mchele.

Alicheka, akanishukuru, akashika usukani.
Mimi nilikuwa bado nimenyoosha mkono.
Faranga elfu mbili, nikasema.
Alinitazama, akaitazama kinga yangu ukutani,
na mkwaruzo wake wa Ndosho ambao siupaki rangi.
Akalipa.

Nikanunua grisi.