Daftari la Lita

Jumatano ya kwanza ya mwezi, pale sheli ya Ipuli,
kijana Mihayo hupanda ngazi na tarakimu mkononi
kama mtu anayebandika tangazo la msiba.
Akishuka hatutazami usoni.
Nami nina kirikuu, ndoo thelathini za asali zinaningoja Ipole,
na noti nilizokwisha kuzihesabu mara mbili,
maana zikihesabiwa mara ya tatu huwa zinapungua.

Baba amekaa kushoto kwangu.
Macho yake yalizima mwaka juzi, moja kwanza, la pili likalifuata,
lakini masikio ya Mzee Kapela bado yana leseni.
"Umemkaba," ananiambia. "Mpe gia ya tatu, apumue."
Ninampa. Injini inashusha sauti
kama mgeni aliyepewa kiti.

Zamani mtaa mzima wa Isevya ulimwita Mzee Tone.
Aling'oa keria, akauza spika,
akateremsha jeki ya pili, nyundo,
na lile tairi bovu lililosafiri bure miaka minne.
Watoto walimwimba nyuma yake.
Mimi pia niliimba, kwa sauti ya chini.
Kila alfajiri alipima upepo wa matairi kabla ya kunawa uso,
akakung'uta chujio la hewa vumbi la Sikonge,
lile jekundu, liingialo hata ndani ya yai,
kisha akafungua daftari lililoshonwa mgongo kwa uzi wa gunia:
tarehe, kilomita, lita, mzigo.
Hati ya mtu aliyeishia darasa la nne
na hakupoteza hata herufi moja aliyopewa.

"Breki," husema, "ni mafuta uliyoyalipia ukayamwaga.
Ukiona ng'ombe mbele, usimkimbilie kisha ukamsimamia.
Mwone tangu mbali. Ondoa mguu.
Acha gari likumbuke mwendo wake."
Na juu ya resi:
"Kanyaga kama unapita chumba alimolala mtoto."

Haya nimeyashika, si kwa mapenzi, kwa njaa.
Lita iliyonipa kilomita kumi na moja sasa yanipa kumi na nne,
na hizo tatu za juu ndizo chumvi, ndizo sabuni,
ndizo penseli za Kabula.
Ila tusidanganyane:
bei hupanda kwa ngazi, mimi napanda kwa kucha.
Ipo miezi niliyobana kila tone
na sheli ikachukua yote, isiulize nimeyapataje.

Kisha usiku ule wa Machi, mvua ndiyo kwanza imekatika,
Zuhura wa nyumba ya pili alishikwa na uchungu kabla ya siku zake.
Tukamlaza nyuma, godoro kati ya ndoo tupu, mama yake kamshika.
Geji ilikuwa inalamba mstari mwekundu.
Nikaondoka kwa mazoea, gia ya pili, ya tatu, mguu mwepesi.
Baba, ambaye hakuna aliyemwalika,
alikuwa ameshapanda mbele na fimbo yake.
"Leo usihesabu," alisema. "Kanyaga."

Nikakanyaga.
Injini ililia Isevya hadi Kitete, ikala mafuta ya siku mbili.
Matuta tu ndiyo tuliyoyaheshimu, kwa ajili ya aliyelala nyuma.
Na Mzee Tone akapiga dashibodi kwa kiganja:
"Ongeza! Ongeza, mwanangu, haya ni maji tu!"

Asubuhi alitaka daftari.
"Ilikula ngapi?"
Nikamwambia. Alinyamaza muda wa kuchemsha chai.
"Andika."
Nikaandika tarehe. Kilomita. Lita.
Kwenye mzigo kalamu ikasita.
"Kwani hawakumpima?"
Walimpima.
Nikaandika: kilo mbili na gramu mia nane.

Leo ni Jumanne. Nimeshajaza upepo.
Baba anasugua plagi kwa brashi ya waya,
anaipapasa ncha kwa ukucha, ananuna, anasugua tena.
Kesho Mihayo atapanda ngazi.