Masahihisho

Barua ilikuja Jumanne, karatasi nzito
kama ya kadi ya harusi.
Glenys aliifungua kwa kisu cha siagi,
akaisoma amesimama, sinki likifurika.

Alikuwa ameandika mistari kumi na mmoja
katika jarida la kanisa, hapa Wolverhampton,
kati ya tangazo la keki na ratiba ya kwaya:
kwamba katika makao ya wazee ya Bwana Lascelles
watu hulala kwenye shuka mbichi hadi kuche.
Basi.

Mawakili wa London wakamwita mchafuzi wa jina,
wakampa siku kumi na nne.

Tulikwenda wawili kwa wakili wa mtaani,
kijana mpole, tai imepinda, nusu saa ya bure.
Akasema: Ukweli ni ngao, mama. Sheria inaitambua.
Ila ni wewe wa kuuthibitisha,
na kwa kesi ya namna hii serikali haikulipii.
Akatugeuzia kikokotoo.

Saa moja ya wakili wa Lascelles, pauni mia nne na themanini.
Saa moja ya Glenys, kumi na mbili.
Yule akikohoa tu kwenye simu, dakika sita zimeandikwa,
na kikohozi kile ni saa nne za Glenys
amepiga magoti, anasugua sakafu.

Kwetu husemwa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.
Haki yake alipewa. Hakupunjwa hata chembe.
Ilikuja na ankara.

Sasa niseme langu.
Shuka zile nilizikamua mimi, zamu ya usiku,
chumba cha saba, cha tisa, na cha mzee Alwyn
aliyeniomba radhi kila nilipomgeuza.
Glenys hakuniomba ushahidi.
Alijua kibali changu cha kukaa kimo kwenye droo ya nani.
Alinitazama, akavitazama viatu vyangu,
akasema basi letu hilo linakuja.

Toleo la Pasaka lilikuwa na kisanduku,
herufi nene:
Mwandishi anakiri kuwa shuka zilikuwa kavu.
Zilikuwa kavu nyakati zote.
Anajuta.

Usiku ule niliwahi kazini.
Mzee Alwyn alikuwa macho.
Nikapitisha mkono chini ya mgongo wake,
nikautoa,
nikaupangusa kwenye aproni,
nikaandika katika daftari la zamu
kama tulivyofundishwa:
Kavu.